Maji ya Ghuba Katika Birika la Mbotela

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za kanisa. Kijana aliyezipokea aliniuliza kama kuna jambo la ziada anapaswa kujua, nikamwambia asisugue sakafu ya birika la ubatizo kwa sabuni ya unga maana atateleza avunje kiuno. Akacheka, akashukuru, akaenda zake. Nilipofika nyumbani niliona jibu langu lilikuwa fupi mno kwa kazi ya miaka mingi hivyo, ndiyo maana nimeketi kuandika.

Mshahara sitautaja. Haukuwa wa kutajwa, na baadhi ya waliokuwa wakiulipa bado wako hai. Vyeo navyo havikuwepo. Nilianza nikiwa mtunza kanisa na nimemaliza nikiwa mtunza kanisa. Nitaeleza kazi yenyewe, na hasa hofu yake, kwa sababu mimi ni mwoga tangu utotoni na sioni haya kusema. Ninyi mnaoshika ufagio baada yangu msiombe ujasiri. Mtunza kanisa jasiri huenda nyumbani akaacha mishumaa ikiwaka.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani, nami nilichonga naye karibu na Pumwani mpaka patasi iliponikata mshipa wa kidole gumba, mkono ukakataa kazi za kushika vitu vidogo. Mke wangu Rael alikuwa mtu wa Kisiwani. Hao ni watu wa kisiwa kimoja cha lile ziwa kubwa la magharibi, na sikuwahi kuwasikia wakikiita kwa jina. Walisema tu Kisiwani, utadhani Mungu aliumba kimoja akachoka. Walikuwa wengi hapa Nairobi, Mbotela na mitaa ya jirani, wengine vibarua wa viwandani, wengine wauza samaki wa kukaanga, na walikuwa na kanisa lao la mabati nyuma ya nyumba za kaunsili, yaani halmashauri ya jiji. Walihitaji mtunza kanisa, lakini walikuwa na koo kadhaa na hakuna ukoo uliokubali mwingine ushike funguo. Mkamba hana ukoo Kisiwani. Sifa yangu ya kwanza kazini ilikuwa kutokuwa mtu wao.

Aliyenifunza kazi ni Mama Loice, mjane aliyetunza kanisa kabla yangu mpaka magoti yakamgomea. Siku ya kwanza aliniketisha akanipa pasi ya makaa, gazeti kuukuu na kitambaa cha meza ya Bwana kilichodondokewa na nta, akanyamaza anione. Nikachukua kisu. Akanipokonya kisu. Nta haikwanguliwi, alisema, inawekewa gazeti juu na pasi ya vuguvugu, gazeti linainywa. Ndivyo alivyofunza, anakuacha ufike ukingoni mwa kosa ndipo akushike mkono. Alinionyesha jinsi ya kupiga kengele yetu, ambayo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Ukipiga katikati inalia kama sufuria, ukipiga karibu na ncha inaita watu. Alinionyesha mabati yanayovuja, panya wanaokula mishumaa, na muumini anayekunywa divai iliyobaki. Huyo wa mwisho alisema nimwache, ni mgonjwa wa moyo na ndiyo furaha yake pekee.

Kisha akanifunulia mbao za mbele, chini ya mimbari, nikaona birika. Lilikuwa shimo la saruji lenye ngazi, kina cha kufika kiunoni. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale ndilo lililonipa tabu kuliko vyote. Saruji ilipasuka kila kiangazi. Maji ya kaunsili yalikuja alfajiri tu, kwa uvivu, kwa hiyo usiku wa kuamkia ubatizo mpira wa bomba ulilala mle na mimi nikalala kwenye benchi. Nililishuka nimevaa akala za Kariokor, kwa sababu mpira wa tairi ndio pekee unaoshika saruji yenye utelezi. Msije mkadanganywa na viatu vya dukani.

Birika lilikuwa na historia, na ni lazima niisimulie, la sivyo hamtaelewa yaliyotokea. Wamisionari walifika Kisiwani kwa mashua zamani sana, wakaimba, wakaumwa na mbu, wakaondoka. Injili iliyobaki ililetwa na mtu wa pale pale, aliyekwenda bara akawa mpishi wa wazungu, akarudi na kitabu na mashati mawili. Kwa muda mrefu waliomsikiliza walikuwa wachache. Upande mmoja wa kisiwa kulikuwa na ghuba ambayo hakuna mtu aliyechota maji yake. Ilikuwa na mwenyewe, na wazee waliotunza mahali pale walisema atakayeyanywa hataona jua likitua. Mjane mmoja, mfuasi wa yule mpishi, akashuka mchana kweupe akayanywa, watu wakimtazama kutoka mlimani. Akaketi ufukweni. Jua likatua, naye akainuka akaenda zake.

Kuanzia hapo watu walianza kubatizwa kwa wingi, na walibatizwa katika ghuba ile ile. Kila mmoja kabla ya kuzamishwa alikunywa mafunda matatu mbele ya wote, kuonyesha kwamba hofu ya kale imevunjika ndani yake. Waliita desturi hiyo Kunywa Ghuba. Walipohamia Nairobi hawakuiacha. Kabla ya kila ubatizo, mitungi ya maji ya ghuba ilipandishwa boti, kisha basi, ikashushwa kwenye stendi ya kantri bas, mabasi ya safari za mbali, na mimi nikaifuata na mtu wa mkokoteni. Mtungi mmoja ulimwagwa birikani ukachanganyika na maji ya kaunsili. Mwingine ulikuwa wa kunywa.

Rael wangu alikuwa amekunywa katika birika hilo hilo, na alipenda kusimulia. Rael alifariki wakati binti yetu Mwende yuko darasa la pili, na mtoto akabaki na hadithi hiyo kama wengine wanavyobaki na picha. Tangu akiwa mdogo aliniambia siku yake ikifika atasimama alipokuwa amesimama mama. Mimi mwenyewe nilibatizwa kwetu, kwa kunyunyiziwa matone machache, na Mzee Elkana, kiongozi wa kanisa letu, alikuwa akinitania kwamba mimi ni Mkristo wa umande.

Niseme kidogo juu ya Mzee Elkana. Mchungaji alikuja mara chache kutoka upande wa ziwa. Siku nyingine zote mkubwa wetu alikuwa huyu. Alikuwa amestaafu kiwanda cha sufuria, masikio yameharibiwa na nyundo, kwa hiyo aliongea kwa sauti hata alipokuwa akinong'ona. Alikuwa mtu mwema. Aliwalipia watu kodi ya nyumba bila kutangaza. Lakini juu ya ghuba hakuwa na mzaha. Babu yake alikuwa mmoja wa wale wazee waliotunza mahali pale, waliokuwa wakiogopesha watu, na aliichukulia kazi ya kuwatoa watu katika hofu hiyo kama deni la nyumba yao.

Maji yale yaliniponza mara ya kwanza wakati redio na magazeti yalipojaa habari za waabudu shetani. Mtatukumbusha kwamba tulikuwa washamba. Sawa, lakini wakati huo watu waliamini kabisa, na mimi pia. Kila mtaa ulikuwa na nyumba inayooneshwa kidole. Nilikuwa nikitoka stendi na mitungi, tumefika Jogoo Road, mama mmoja wa mboga akauliza kwa nini watu wanaleta maji kutoka mbali wakati maji yanauzwa pale pale. Swali halikuwa baya. Ila maji yenyewe yalikuwa na ukijani, na mtu wa mkokoteni, badala ya kunyamaza, akasema ni ya kanisa. Watu wakasogea. Akaja mmoja na jiwe mkononi, hakulitupa, alilishika tu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Kunywa, buda," akaniambia, kama vijana wa mjini wanavyomwita mzee. "Kunywa tuone."

Nikanywa kutoka mdomo wa mtungi, maji yakanimwagikia kifuani. Yalikuwa na ladha ya samaki na plastiki. Wakanitazama, wakangoja nigeuke sijui nini, sikugeuka, wakachoka wakatawanyika. Mama wa mboga akaniuzia sukuma wiki kana kwamba hakuna kilichotokea. Kanisani walifurahi waliposikia, Mzee Elkana akasema sasa nimekunywa Ghuba mbele ya mataifa. Mimi sikufurahi hata kidogo. Kwa miezi sikupita njia ile.

Sasa nifike kwenye ile mvua. Wale wa umri wangu wakisikia Elnino bado wanaangalia dari. Ilinyesha tangu kabla ya Krismasi bila kupumzika, mitaro ya Mbotela ikafurika, maji ya vyoo yakapita kati ya nyumba kama mgeni aliyekaribishwa. Bomba likawa linatoa maji ya rangi ya chai, siku nyingine halitoi kabisa. Kisha kipindupindu kikaingia. Gari la afya lilipita na kipaza sauti likitangaza kuchemsha maji na kunawa mikono. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa kazini Jumatatu na Jumatano tukamzika, na hakuna aliyepika chochote matangani. Kanisani watu waliacha kushikana mikono. Waliinamiana tu kutoka mbali. Nilisugua benchi kwa dawa ya Jik mpaka mikono ikachubuka, na bado nikimwona mtu akitoka nje haraka wakati wa ibada nilimfuata kwa macho mpaka arudi.

Ubatizo ulikuwa umepangwa Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya, na Mwende alikuwa miongoni mwa wabatizwa. Alikuwa kidato cha pili, mrefu kunishinda, ananiita buda mbele ya marafiki zake na baba tukiwa wawili. Nilikwenda stendi kuchukua mitungi kama kawaida. Utingo wa basi aliishusha akiwa amevaa mifuko ya nailoni mikononi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema huko ziwani watu wanakufa, fuo zote, na kijiji cha ile ghuba kimefungwa hakuna anayeingia wala kutoka, hiyo mitungi iliponea chupuchupu kupita. Alisema hivyo akaivua ile mifuko, akaitupa chini ya gari. Nilirudi nikitembea mbali na mkokoteni, kana kwamba mitungi ingenirukia.

Nilimweleza Mzee Elkana siku hiyo hiyo, tena kwa sauti ili asikie. Nikamwomba tuyachemshe. Akanitazama kwa huruma, akasema maji yaliyochemshwa ni chai isiyo na majani. Muuguzi mmoja anayeishi mtaani kwetu alikuja pia, akamwomba mzee atie dawa ya klorini, matone tu. Akamweleza kwamba kuoga si hatari, ngozi haidhuriki, mdomo ndio mlango. Mzee akamsikiliza kwa adabu, akakataa. Nilikasirika, lakini nikiwa mkweli sababu zake hazikuwa za kijinga. Alisema watu wao waliishi vizazi na vizazi wakiambiwa maji yale yanaua. Wakatoka katika hofu hiyo kwa kunywa. Leo kanisa likisimama na kusema kweli, maji yale yanaua, basi babu yake na wenzake walikuwa wakisema ukweli na yule mjane alikuwa na bahati tu. "Tutawaambia nini watoto?" aliniuliza. Mimi sikuwa nikifikiria vizazi. Nilikuwa na mtoto tu.

Nyumbani nilijaribu kwa Mwende. Nilimwambia angoje ubatizo mwingine. Akasema mama hakungoja. Nikamwambia wakati wa mama hapakuwa na kipindupindu. Akasema wakati wa mama kulikuwa na kitu kingine, wakati wote kuna kitu, na kwamba mimi naogopa hata kengele yangu mwenyewe. Hilo lilikuwa kweli. Sikulala vizuri wiki ile. Nilimsikiliza akikohoa, nikahesabu ni mara ngapi amekwenda chooni, mpaka akanigombeza.

Mama Loice alikuwa akija Jumanne kunisaidia kung'arisha vikombe, kazi ya kukaa ambayo magoti yake hayakuipinga. Nilimwambia yote. Akaendelea kusugua kikombe kile kile hata baada ya kung'aa. Kisha akaniuliza kama najua yule mjane alikuwa mama wa nani. Sikujua. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza, wala hakuna aliyewahi kumtaja kwa jina madhabahuni.

"Mama yangu," akasema. "Nilikuwa mapajani mwake."

Alinisimulia polepole, akitazama kikombe. Baba yake alipofariki mama yake alikataa kurithiwa na shemeji, akashikamana na kile kitabu. Wakwe wakamfukuza, na njia za kwenda kuchota maji zikafungwa kwake. Alipotokea, watu walisimama njiani na fimbo. Mtoto alikuwa na homa, midomo imekauka. Mahali pekee palipobaki bila mtu wa kumzuia ni ile ghuba. Hakwenda kushindana na mtu. Hakujua hata kama anatazamwa. Alichota kwa kiganja akanywa, kisha akaketi na mtoto aliyekuwa akililia maji, naye akakataa kumpa. Alingoja. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha, na maji yako pale miguuni pao, na mama akawa anangoja aone kama yeye mwenyewe atakufa. Jua lilipotua na yuko hai ndipo akampa mtoto.

"Wa mlimani waliona mwanamke asiyeogopa," Mama Loice akasema. "Mimi niliyekuwa mapajani nilisikia moyo wake. Alikuwa anakufa kwa hofu, Baba Mwende. Alikunywa ili mimi nisinywe kwanza."

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuwaambia watu. Akasema aliwahi kuwaambia, akiwa msichana, wakamjibu kwamba mtoto wa homa hawezi kukumbuka. Baadaye desturi ikawa nzuri, watu waliimba, akaona haina madhara. Sasa ina madhara. Akafunika vikombe kwa kitambaa akaniomba nimpeleke kwa Mzee Elkana.

Tulimpata Alhamisi, kanisani, ilipokuwa mitungi, naye Mama Loice akamweleza yote niliyoyasikia. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama. Alisema anamheshimu, ila kanisa limesimulia vingine kwa maisha ya watu wote waliopo. Mama Loice akasema hataki wabishane. Anataka jambo moja tu: maji yatakayonywewa na watoto yanywewe kwanza na mtu mzima, kisha tungoje, kama mama yake alivyofanya. Mzee akasema atakunywa yeye. Mama Loice akasema hapana, aliyekunywa ni mama yake, sasa ni zamu yake yeye. Nilisimama pale na mtungi nikitamani mmoja wao anikataze kufungua kifuniko. Hakuna aliyenikataza. Nikammiminia, akanywa mafunda matatu, akasema yamechacha. Hiyo ilikuwa Alhamisi mchana.

Alhamisi ikapita. Ijumaa asubuhi nilimkuta akianika nguo, akanicheka nilivyokuwa namkagua uso. Ijumaa jioni Mzee Elkana alipita kanisani akiwa mchangamfu kuliko nilivyomwona wiki nzima, akaniambia nianze kulisugua birika. Nikalisugua. Nakiri nilianza kuamini naye. Mwili wangu ulilegea nikala chakula kizuri kwa mara ya kwanza.

Jumamosi asubuhi mpangaji mwenza wa Mama Loice alikuja mbio kanisani. Nilimkuta Mama Loice amelala sakafuni, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Hakuna dereva aliyekubali kumbeba; walivuta vioo juu wakaondoa magari. Nikamwita mtu wangu wa mkokoteni. Naye aliogopa, niliona, lakini alitandika magunia, tukamlaza, nikamfunika leso, tukamsukuma katika matope mpaka kwenye mahema ya wagonjwa hospitalini. Njiani aliniita. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Mwambie Mwende nilingoja," akasema. "Mwambie sikuwapa watoto."

Nawaambia mapema msije mkasoma kwa kuhangaika: alitoka hospitalini, amebaki mifupa na ulimi, akaendelea kunigombeza miaka mingine mingi. Lakini Jumamosi ile hatukuwa na habari hiyo. Muuguzi wa mahema aliniambia nirudi kesho nione, na neno kesho alilisema akitazama kando.

Nilidhani mambo yameisha, kwamba hakuna tena mtoto atakayenyweshwa. Nilikwenda kwa Mzee Elkana nikamkuta ameketi kitandani, amevaa viatu, kama mtu anayengoja kuitwa. Alikuwa amekwisha sikia. Akasema nyumba ya jirani ya Mama Loice ina wagonjwa wawili ambao hawajawahi kuyaona maji ya ghuba. Akasema bomba la pale limepasuka karibu na choo. Yote yalikuwa kweli. Hakuna aliyejua, na hadi leo hakuna anayejua, kama ni mtungi au ni bomba. Akasema kwa sababu hiyo hawezi kusimama kesho akauhukumu mtungi. Niliona anasema haraka kuliko kawaida yake.

Mwende nilimkuta akipiga pasi gauni lake jeupe. Nikamweleza yote, mama na mtoto ufukweni, mkokoteni, na ule ujumbe. Aliipitisha pasi juu ya ukosi mara nyingi mno, nikadhani ataunguza. Nikamwambia ninazo funguo mfukoni na naweza kulifunga kanisa, waje wote wakute kufuli. Ndipo akasema, "Ukifunga, baba, watabatizia mahali pengine, na nitakwenda." Aliniomba tu nilete taulo kubwa, ile ya mama.

Jumapili niliamka kabla ya alfajiri nikajaza birika kwa maji ya bomba, na ndani yake nikaweka ile dawa ya muuguzi, mbele ya Mzee Elkana, bila kumficha. Aliona, akaendelea kukunja mikono ya kanzu. Lakini ulipofika wakati wa kumimina mtungi wa ghuba nilimwambia sitamimina. Nilikuwa sijawahi kumkatalia kazi mtu yeyote. Hakugomba. Aliubeba mwenyewe, mzee yule, akiukumbatia tumboni, akaumimina birikani akimwaga nusu kwenye kanzu. Kisha akajaza kikombe kutoka mtungi wa pili, akakiweka ukingoni.

Kanisa lilijaa, watu wakasimama hata madirishani, mvua ikipiga mabati. Hawakuimba vizuri. Kila mtu alikuwa na habari za Mama Loice, na niliwaona akina mama wakiwashika watoto wao mabega, si kwa kuwasukuma mbele wala kwa kuwavuta nyuma, wamewashika tu. Mzee Elkana alishuka birikani akasimama katikati, maji kiunoni. Wabatizwa walipangwa kwa urefu, kwa hiyo Mwende alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa mahali pangu pa siku zote, ngazi ya juu, taulo mkononi. Nilikuwa nimeamua kwamba akiinua kikombe nitakipiga teke, mbele ya kanisa zima, na baada ya hapo wanifanye watakavyo.

Akashuka ngazi. Mzee akamuuliza maswali ya imani akayajibu kwa sauti inayosikika. Kisha akamnyooshea kikombe. Mwende akakipokea kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, akakitazama ndani. Hakukipeleka mdomoni. Akamrudishia.

"Anza wewe, babu," akasema. "Unywe, kisha tungoje."

Hakulisema kwa ufidhuli. Alilisema kama anavyoniambia mimi nivae sweta. Mzee Elkana alibaki na kile kikombe kati yao. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote na niliona akikisogeza ghafla mbali na uso wake, maji yakamwagikia vidole. Miaka yote ile nilidhani kanisani mwoga ni mimi peke yangu. Alitazama watu, akatazama ile safu ya watoto waliovaa meupe nyuma ya Mwende, akaweka kikombe ukingoni. Akavipangusa vidole kwenye kanzu, kimoja kimoja.

Sala ya Kunywa Ghuba hakuisema. Alimshika Mwende kisogoni na mgongoni, akainama karibu na sikio lake, akajaribu kunong'ona, na kwa kuwa hakuwahi kujua kunong'ona, kanisa lote lilisikia.

"Funga mdomo, mjukuu wangu," akasema. "Funga kabisa."

Akamzamisha. Alipoinuka nilikuwa nimeshashuka ngazi na akala zangu majini, nikampangusa mdomo kwanza, nikaupangusa tena, macho yake yakangoja zamu yao.